Kinanira, Kartiye ya Gaby: Nusu Siku Tuliyoiba Bujumbura



Mnafahamu kwamba toka mwaka jana kuna kitabu kinachozunguka hapa kambini kutoka nyumba hadi nyumba, mpaka jalada lake limeshonwa na uzi. Kinaitwa Petit pays, maana yake nchi ndogo. Aliyekiandika ni Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, aliyeondoka Burundi akiwa bado mtoto mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Vijana wanamjua zaidi kwa muziki wake wa rap. Kitabu kilitoka Ufaransa mwaka 2016, na mwaka huo huo kikapata zawadi ya Goncourt des lycéens, ile ambayo wanaochagua ni wanafunzi wa sekondari. Hilo la wanafunzi kumpa mwandishi zawadi liliwashangaza watoto wetu kuliko habari nyingine yote. Mmoja aliuliza: sasa na sisi tukikataa kitabu cha hesabu, kitaondolewa?

Kwa wale ambao hakijawafikia, tueleze kwa kifupi. Kuna mtoto anaitwa Gabriel, wanamwita Gaby. Ana miaka kumi hivi hadithi inapoanza. Baba yake ni Mfaransa mwenye kazi nzuri, mama yake Yvonne ni Mnyarwanda aliyekimbilia Burundi akiwa mtoto mdogo, na kuna dada yake mdogo, Ana. Wanakaa Bujumbura, kartiye Kinanira, ndani ya ampasi, yaani njia iliyozibwa upande mmoja, ukiingia lazima utokee pale pale ulipoingilia. Gaby na marafiki zake wanakaa ndani ya Kombi mbovu ya Volkswagen iliyotupwa kwenye kiwanja kitupu, wanaiba maembe katika paseli za watu, kisha wanawauzia wenyewe waliowaibia. Wanajiita Kinanira Boyz. Halafu unakuja mwaka 1993. Mwezi wa sita Melchior Ndadaye anachaguliwa kuwa rais, na tarehe 21 Oktoba anauawa. Aprili 1994 ndege inaangushwa Kigali na marais wawili ndani yake, wa Rwanda na wa Burundi, na yaliyofuata Rwanda mnayajua. Ampasi ya Gaby nayo haikubaki salama.

Sasa, kwa nini tunaandika habari hii katika gazeti letu la familia? Kwa sababu kitabu kilileta maneno. Mama mmoja alikuja shuleni asubuhi, kitabu amekifunga ndani ya kitenge kama kitu cha kuungua, akakiweka juu ya meza. Binti yake wa darasa la nane alikuwa amefika pale ambapo Yvonne anarudi kutoka Rwanda. Yvonne alikwenda kutafuta watu wa ukoo wake na akakuta watoto wa ndugu yake wamekufa ndani ya nyumba. Akirudi Bujumbura hawezi tena kukaa kama zamani. Usiku anamwamsha Ana, mtoto mdogo kabisa, na kumsimulia aliyoyaona, tena na tena. Yule mama alituambia hivi: "Mtoto wangu ameniuliza kama na mimi nitaanza kumwamsha usiku. Mimi nitamjibu nini, walimu?"

Katika mkutano wa wazazi maoni yaligawanyika. Papa mmoja alisema kitabu kiachwe, kwa maana watoto wetu wameona makubwa kuliko yaliyo ndani, na angalau humo wanakuta mtu aliyeyaandika vizuri. Wengine walisema hapana, tulikimbia tusahau, siyo tusome. Kisha mzee mmoja wa blok ya chini, ambaye mara nyingi anakaa kimya, akauliza: "Hiyo Kinanira iko kweli, ao ni mambo ya kutunga?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Tumekaa nchi hii miaka, wengine kumi, wengine ishirini, lakini Bujumbura wengi wetu tunaijua kwa dirisha la lori tu, usiku, siku ile tulipoletwa.

Basi, sisi walimu watatu wa kujitolea tulipoitwa Bujumbura kwa mafunzo ya siku tatu, na karatasi ya ruhusa ya kutoka ikaandikwa siku nne, tulikubaliana kwamba ile nusu siku iliyobaki ni ya Kinanira.

Safari yenyewe hatutaieleza sana, walioifanya wanaijua. Tuliondoka alfajiri, tukafika Gitega, mji ambao toka 2019 ndio makao makuu ya siasa, Bujumbura ikabaki makao makuu ya biashara. Kutoka Gitega mpaka Bujumbura ni kama kilomita mia moja. Unapita Muramvya, kisha Bugarama juu kwenye baridi na ukungu, ambapo wamama wanauza makabichi na karoti kando ya njia na wanakimbilia madirisha ya gari kabla halijasimama. Kutoka hapo ni kushuka tu, karibu kilomita 35 za kona. Tuliona vijana wenye kinga, kila mmoja na mzigo wa ndizi unaozidi mwili wake, wakiteremka kwa mwendo ambao hata dereva wetu aliogopa. Wakati wa kurudi wanashika nyuma ya lori ili liwavute kupanda. Mwenzetu wa hesabu alianza kupiga hesabu ya mwendo na uzito, akaacha. Masikio yanaziba, joto linaingia, na kwa ghafla katika kona moja unaliona ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira.

Ndani ya gari tulikuwa na maongezi mengi. Hapo yalikatika. Wawili kati yetu tumezaliwa upande ule wa maji. Mtu anaweza kukaa miaka kumi na tano katika vilima vya mashariki bila kuona milima ya kwao, na siku anayoiona inakuwa karibu hivi, rangi ya bluu, unahesabu mabonde.

Tulilala Buyenzi kwa mama mmoja, rafiki wa familia ya mwenzetu. Kwa wasiopajua, Buyenzi ni kartiye ya zamani ya Waswahili wa Bujumbura, toka enzi mji ulipoitwa Usumbura. Njia zake ni avenyu zenye namba, zimenyooka kama mistari ya daftari, misikiti iko mingi, na kila mahali kuna mafundi wa magari wanaofanya kazi chini ya magari barabarani, kiasi kwamba hujui gereji inaanzia wapi na njia inaishia wapi. Kilichotufurahisha ni lugha. Mwenye duka anakupa bei kwa Kiswahili, mtoto anakupita akikusalimu shikamoo, muuza ndakala anakukaripia kwa Kiswahili ukishika bila kununua. Hatukuwa wageni kwa dakika kama arobaini hivi, mpaka mtu mmoja aliposikia namna tunavyosema "ao" na "muko" akacheka: "Nyinyi wa Uvira, karibuni."

Mama mwenyeji wetu alipika mukeke na ugali, na baada ya kula tukamwonyesha kitabu. Hasomi Kifaransa. Alikipindua, akatazama picha ya jalada, akasema Kinanira anaijua, alifua nguo za watu kule alipokuwa msichana. "Kule ni kwa watu wenye bustani," alisema. Kisha akatueleza mambo ya Machi 1995 pale Buyenzi na jirani zao Bwiza, jinsi watu walivyouawa na wengi wakavuka kwenda Uvira, Wakongo na Warundi pamoja, na yeye mwenyewe akiwa na mtoto mgongoni. Aliyasema haya akiosha sahani, sauti ile ile ya kusema bei ya mkaa. Hatukuuliza zaidi.

Kesho yake mafunzo, kesho kutwa mafunzo, siku ya tatu vile vile. Siku ya nne asubuhi tukapanda basi kwenda kusini.

Kinanira iko upande wa kusini wa mji, juu kidogo ya Kinindo, na ukiendelea kupanda unafika Musaga. Tulishuka tukaanza kwa miguu, kitabu mkononi kama watu wanaotafuta nyumba ya mgonjwa. Jambo la kwanza tunaloweza kumjibu mzee wetu ni hili: ndiyo, iko. Ampasi nazo ziko, tena siyo moja. Tuliingia ya kwanza, tukafika kwenye lango la chuma, tukageuka. Tukaingia ya pili, vile vile. Katika ya tatu mbwa alibweka mpaka mwisho. Kila moja tulisema labda ndiyo hii, kisha tunatazama kitabu, tunakuta haina miti katikati, ao ni fupi mno. Mwenzetu wa Kifaransa alisema tuache kutafuta, mwandishi anaweza kuchukua mti wa ampasi hii na lango la ampasi ile. Mwenzetu wa hesabu hakukubali. Kwake mahali ni mahali.

Alichoandika Faye kuhusu maua, hicho kipo. Bugenvilia zinamwagika juu ya kuta, nyekundu na za zambarau, na kuna miti mirefu ya maembe ndani ya paseli. Lakini katika kitabu watoto wanapenya kwenye nyua za miti kutoka paseli moja hadi nyingine, na leo pale tulipopita ni kuta za matofali zenye urefu kuliko mtu, na juu yake waya ao vipande vya chupa. Maembe tuliyaona kwa kuinua shingo. Ni mahali pazuri, hatutasema uongo, kuna kivuli na utulivu, unasikia ndege. Ila utulivu wenyewe ni wa milango iliyofungwa. Katika ampasi tatu hatukukuta mtoto hata mmoja nje, na ilikuwa wakati wa likizo. Hapa kambini ukitembea hatua kumi umeshakanyaga mpira wa mtu.

Mwishoni mwa ampasi ya nne tulimkuta zamu, mzee, amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu kwa mpira wa baiskeli. Tukamsalimu kwa Kirundi kibovu, naye akajibu kwa Kiswahili safi, alikulia Buyenzi. Tukamuuliza kama anamjua Gaby. Akasema, "Gaby yupi? Kuna Gaby wa nyumba ya pili, lakini alikwenda Canada." Tukamwonyesha kitabu, tukamweleza. Alisikiliza kwa makini sana. Alisema habari za mtu aliyeandika kitabu cha Kinanira alizisikia, na kwamba kuna filamu pia. Filamu ipo kweli, ya mwaka 2020, ila ilipigwa Rwanda, siyo hapo. "Basi hawakuona embe zetu," akasema.

Mzee huyu analinda Kinanira toka mwaka 1989. Tulimuuliza kama watoto walikuwa wakiiba maembe. Akacheka mpaka akakohoa. Walikuwa wakiiba kila siku, alisema, weupe, weusi, chotara, Wahindi, wote, na yeye alikuwa akiwafukuza polepole ili wasianguke. Kisha akatuonyesha kwa kidole, nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi na aliondoka lini. Wa hapa waliondoka Oktoba 1993. Wa pale walisubiri mpaka 1995. Wageni walipanda ndege, wengine walipanda lori, wengine walikwenda kwa miguu kupitia Gatumba. Alituambia juu ya zile siku zilizoitwa kwa Kifaransa ville morte, jiji limekufa, vijana wa makundi kama Sans Échec wanafunga barabara kwa mawe na matairi, na wewe zamu umekaa ndani ya lango na rungu, unalinda viti vya mtu aliye Ulaya.

Halafu alitoa mfukoni kamba yenye funguo mbili. Moja ni ya lango analolinda sasa. Nyingine ni ya nyumba iliyo upande wa pili wa njia. Bosi wake wa zamani alimpa siku ya kuondoka, akamwambia ni wiki mbili tu. Nyumba ile imeshauzwa mara mbili toka hapo, vitasa vimebadilishwa, ukuta umejengwa upya. Ufunguo haufungui kitu chochote. Tukamuuliza kwa nini bado anao. Akasema, "Hakusema nimpe nani mwingine."

Mmoja wetu, mama yake hapa kambini ana ufunguo wa nyumba ya Uvira ndani ya kopo la maziwa ya unga. Hakusema kitu kwa mzee. Alituambia sisi baadaye, ndani ya basi.

Kutoka hapo zamu alituelekeza mto Muha, ambao katika kitabu watoto wanapigana huko na Francis, yule kijana mkubwa anayewatisha. Mto huo unatoka milimani na kupita kando ya kartiye hizi ukielekea ziwani. Tulipofika maji yalikuwa machache, kahawia, na vijana walikuwa wakichota mchanga kwa koleo na kuuweka mafungu. Lakini kingo zake zimeliwa vibaya sana. Kuna mahali ardhi imekatika wima kama mkate, na juu kabisa ukuta wa paseli unaning'inia nusu hewani. Wachota mchanga walituambia mvua ikinyesha milimani mto unashuka kwa kelele, na kila mwaka unachukua kipande. Mambo haya kitabu hakiyasemi, ni ya miaka hii. Na huko chini ziwa nalo limekuwa likipanda. Mwaka 2024 maji yaliingia nyumba za watu Gatumba na sehemu za mji zilizo karibu na ufuko, kama Kibenga. Tunayataja kwa sababu hapa kuna wanaosema mji hauna shida.

Saa zilikuwa zinakimbia na gari letu la kurudi lilikuwa la saa tisa. Tulikuwa na mahali pengine pa kuona, na kwetu ndipo palikuwa na uzito zaidi kuliko Kinanira: Ngagara.

Katika kitabu bibi yake Gaby, mama wa Yvonne, hakai kwenye bustani. Anakaa Ngagara, kaskazini mwa mji, katika nyumba ndogo ya OCAF yenye ukuta wa kijani. OCAF lilikuwa shirika la Wabelgiji lililojenga nyumba za Waafrika wa mjini katika miaka ya 1950, na watu mpaka leo wanaita sehemu hiyo kwa jina hilo. Ndani ya nyumba ile wanakaa vizazi vitatu vya wakimbizi wa Kinyarwanda: Rosalie, mama mzee sana anayekumbuka enzi za mfalme, kisha bibi, kisha mjomba Pacifique, kijana anayeota vita vya kurudi nyumbani. Yvonne akiwa kwa mume wake Kinanira ana kila kitu, mpishi, dereva, gari, lakini anamwambia mume wake waziwazi kwamba yeye ni mkimbizi. Mume haelewi. Anaona milima mizuri na ziwa, anauliza mtu atafute nini tena.

Watoto wetu wa darasa la nane walisimama hapo siku nyingi kuliko kwenye vita. Msichana mmoja, siyo yule wa kwanza, aliuliza darasani: "Mwalimu, mimi nimezaliwa hapa kambini. Mimi ni kama Gaby ao ni kama mama yake?" Darasa likawa na kelele. Wengine walisema ni kama Gaby, kwa maana Gaby alizaliwa Burundi na hajui kwingine. Wengine wakasema hapana, Gaby alikuwa na paspoti ya Ufaransa, ilipofika siku ya ndege akapanda. Mvulana mmoja akamwambia: "Wewe ni kama Rosalie, unapenda kulala." Kengele ikalia.

Ngagara imegawanywa kwa namba, kartiye ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Tulishuka kartiye ya pili. Nyumba za OCAF bado zinaonekana kati ya zile mpya, ndogo, za mstari, zimebanana, nyingine zimeongezwa chumba mbele ao kabare pembeni. Kijani tuliona tatu. Hatukubisha hodi. Tulisimama njiani tukitazama nguo zilizoanikwa, mama anachambua maharage, watoto wanne wanacheza na kifuniko cha ndoo. Watoto, hatimaye! Mama aliuliza tunatafuta nani. Tukamwambia tunatembea tu. Akatuletea maji ya kunywa bila kuuliza mara ya pili.

Wanyarwanda wengi wa Ngagara walirudi kwao baada ya 1994. Mwandishi mwenyewe anakaa Kigali siku hizi, na mwaka 2024 alitoa kitabu kingine, Jacaranda, ambacho bado hatujakipata. Na hapa tuongeze jambo ambalo wengi kambini hawalijui. Kabla yetu, vilima hivi vya mashariki vilishakaa na wakimbizi. Wanyarwanda waliokimbia toka 1959 na miaka iliyofuata waliwekwa Mushiha na Kigamba huko Cankuzo, na Kayongozi huko Ruyigi. Wazee wa vijiji vya jirani wanawakumbuka, waulizeni siku ya soko. Na mwaka 2015 Warundi walipokimbia mambo ya kura, wengi walikwenda Tanzania na Rwanda, lakini wengine walivuka ziwa na mpaka wakapelekwa Lusenda, Fizi. Fizi ya kwetu! Yaani wakati baba zetu wanapanga foleni ya unga hapa, kuna Mrundi alikuwa akipanga foleni ya unga karibu na mashamba ya babu zetu. Tulimweleza hayo mama wa maji pale Ngagara. Alitazama vikombe akasema kaka yake alikuwa Lusenda miaka minne, na kwamba watu wa kule walimfundisha kula sombe yenye mawese. Tukabishana kidogo juu ya sombe. Tulipanda gari dakika tano kabla ya saa tisa.

Tulirudi na ruhusa yetu haijaisha, na wiki iliyofuata tuliwaeleza wazazi yote haya, kama tulivyowaeleza ninyi. Mzee wa blok ya chini aliridhika kwamba Kinanira iko, akataka kujua kama tulimpa zamu kitu. Tulimpa sabuni na sukari. Juu ya kitabu, mkutano haukuisha kwa sauti moja na hatutadai hivyo. Maoni yetu sisi walimu ni kwamba kisiondolewe, lakini mtoto asiachiwe akisome peke yake usiku na taa ya simu. Kuna ukurasa wa teksi karibu na mwisho ambao hatuutaji hapa, na hata sisi wakubwa tuliusoma mmoja mmoja, kila mtu akaweka kitabu chini akatoka nje. Kwa hiyo tumekubaliana na kamati ya wazazi: darasa la saba hawatakisoma kwa sasa. Darasa la nane na kuendelea watakisoma darasani, pamoja na mwalimu, na mzazi asiyetaka atatuambia bila kuulizwa sababu. Zile kurasa za Yvonne na Ana tutazisoma kwanza sisi na wazazi.

Yule mama aliyeleta kitabu ndani ya kitenge alikuwepo. Alisema bado hataki. Kisha, watu wakitoka, alibaki nyuma akauliza kama yule Ana mdogo kuna mtu alimchukua usiku ule, ao aliachwa tu na mama yake akisimulia. Tukamwambia aje asikie.

Kusoma kutaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, chumba cha pili cha shule ya msingi. Tutasoma kwa Kifaransa na kutafsiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, kwa hiyo msiogope kama Kifaransa kimetoka kichwani. Nakala ziko mbili tu. Viti havitoshi, mje na vigoda, na watoto wadogo waachwe kwa yaya zao nyumbani. Aliye na chaki ya rangi, tafadhali, tunataka kuchora ramani ya Bujumbura ukutani, na milima ya Uvira ng'ambo.